Mama Mkwe, Nimekushtaki

4 Februari

Shikamoo Mama,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umepoa. Sisi huku hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea ya kuandika tu, maana niko peke yangu, na hilo hasa ndilo linalonifanya niandike.

Ningepiga simu, lakini kila nikitaja jina la Chiriku unaniambia kuna maji jikoni yanachemka, kisha simu inakatika. Sijawahi kuona nyumba inayochemsha maji mengi hivyo. Kuja kusema uso kwa uso nako siwezi. Unanijua. Dukani kwangu naongea mpaka wateja wanaomba niwanyoe kimyakimya, lakini mbele yako nakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja sindano.

Basi, kwa heshima zote ninazokupa na nitakazoendelea kukupa, nimekushtaki.

Labda kushtaki ni neno kali. Nimepeleka maombi mahakamani nirejeshewe ulezi wa mwanangu. Binti yako alipougua alimleta mtoto kwako, akaenda kulazwa, na hakutoka tena hospitali. Baada ya mazishi mimi sikuwa mtu. Kinyozi mzima nilikaa na ndevu mpaka kifuani na duka limefungwa. Ulisema mtoto anahitaji mlezi wa kumwandikisha shule na kumtilia saini akiugua, tukaenda kwa hakimu, nikasaini ukabidhiwe ulezi. Nilisaini kwa hiari yangu na ulinisaidia sana. Lakini hati ile inasema ni mpaka baba atakapojimudu, na sasa najimudu. Duka lina viti viwili na kijana wa kunisaidia. Nimepanga vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, kimoja ni chake. Dada yangu anakaa nyumba ya pili na atampokea akitoka shule.

Nampenda mwanangu na namtaka nyumbani. Sitarudi nyuma, Mama. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla karani wa mahakama hajakuletea hati.

Mkweo,
Baba Chiriku


13 Februari

Baba Chiriku,

Marahaba, ingawa ni mara yangu ya kwanza kuitikia shikamoo ya mtu aliyenishtaki.

Karani amekushinda mbio. Hati ya mahakama ilifika kabla ya barua yako, nikaisoma nimesimama hapo getini, na jirani ananitazama akijifanya anamwagilia maua. Umenitia aibu. Mimi nimekuwa matroni wa wodi, nimesimamia wauguzi ambao leo ni wakubwa kuliko mimi, sijawahi kuitwa mahali popote kujibu neno. Leo naitwa mjibu maombi, na anayenijibisha ni mtu niliyemfulia mashuka alipokuwa hawezi kuinuka kitandani.

Unasema unajimudu. Nafurahi kusikia. Mwaka juzi ulisema utakuja kila mwisho wa mwezi, na mwaka jana mtoto alikuona kwa nadra kama mkaguzi. Nani alimpeleka kutoboa jipu? Nani anajua kwamba dawa ya maji anaitema na ya kidonge anaimeza? Huyo dada yako ni mtu mwema, lakini hata funguo zake mwenyewe anazitafuta kutwa nzima. Na juu ya duka la umeme, kwa kelele zile za redio, mtoto atasomaje?

Usidhani nitakaa nikulilie. Nitakuja mahakamani, na sihitaji wakili, mdomo ninao. Mtoto huyu ndiye kitu pekee alichoniachia binti yangu. Utampata kama hakimu atanitoa mimi kwanza.

Mguu haujapoa.

Mjibu maombi,
Mama mkwe wako


9 Machi

Shikamoo Mama,

Nakushukuru kwa kuitikia salamu yangu pale kwenye ukumbi wa mahakama mbele za watu. Nilipokupisha kwenye benchi nilidhani utakataa. Baadaye yule askari wa mlangoni aliniuliza kama wewe ni shahidi wangu. Nilimwambia hapana, huyu ndiye ninayegombana naye, akanitazama kama amekutana na kichaa.

Kama tulivyosikia wote, afisa wa ustawi atatembelea nyumba zote mbili na kuongea na mtoto, na mimi nitakaa naye mwisho wa wiki mmoja kabla hakimu hajasikiliza. Nimechagua huu unaokuja. Nimepaka rangi chumba chake. Kitanda kipya nimekipigapiga mwenyewe kuona kama kina mlio, hakina. Yule jamaa wa redio chini amekubali kupunguza sauti, kwa masharti kwamba namnyoa bure, na ni mtu mwenye nywele nyingi mno.

Nitakuja kumchukua Jumamosi asubuhi. Tafadhali niandikie anachopenda kula siku hizi. Naona aibu kuuliza lakini nauliza.

Mkweo,
Baba Chiriku


18 Machi

Baba Chiriku,

Nilikujibu swali lako la chakula kwa karatasi niliyoiweka kwenye begi lake, na naona uliifuata, maana amerudi na tumbo zuri. Hilo nakupa. Masikio yalirudi machafu, na ameshika majina ya timu zote za mpira na nani kauzwa wapi. Juzi aliniambia beki wetu wa kushoto ni mzigo. Mtoto wa miaka saba.

Lakini nina jambo, na nitalisema mahakamani pia. Ulimrudisha Jumapili kabla ya saa mliyopangiwa. Nilidhani umechoka kulea. Nilipomuuliza, akasema yeye ndiye aliyetaka kurudi mapema. Aliposhuka tu, alikimbia moja kwa moja mpaka ndani, akazunguka vyumba vyote, kisha ndiyo akaja kunisalimu.

Sikumfundisha hayo. Mtoto anajua kwake ni wapi. Fikiria kuondoa maombi yako, baba. Hakuna atakayekucheka.

Mama mkwe wako


27 Machi

Shikamoo Mama,

Nimeisoma barua yako dukani nikamnyoa mteja upara wa upande mmoja. Ilibidi nimalize na upande wa pili na nimwombe radhi.

Ni kweli aliomba kurudi. Nitakwambia yote, maana naona wewe unalo jibu ambalo mimi sina. Hakufungua begi. Nilimwonyesha kabati, akasema ni zuri, akaliacha begi mlangoni limefungwa. Alicheza, alicheka, aliongea bila kupumzika kama jina lake la Chiriku, lakini alilala na viatu vimepangwa kando ya mto. Nilipomwambia akipenda atakaa hapa siku zote, alinyamaza. Yule mtoto, Mama, akanyamaza. Halafu akaniuliza kama hapa juu mtu anayetafuta nyumba anaweza kupaona kutoka barabarani.

Umemwambia nini juu yangu? Nauliza kwa heshima lakini nauliza kwa uchungu. Umemwambia baba yake ni mlevi? Sijawahi kuonja. Umemwambia nilimtupa? Kama ndivyo, umeniua nikiwa hai. Mtoto hawezi kukaa kwa baba yake kama abiria bila mtu kumtia maneno.

Maombi yangu siondoi.

Mkweo,
Baba Chiriku


5 Aprili

Baba Chiriku,

Sijawahi kumtia mtoto maneno mabaya juu yako. Hata siku nilipokuwa na hasira za kukung'ata nilimwambia baba yako anafanya kazi sana. Sasa ukitaka kunitukana tena, nitukane kwa jambo nililolifanya.

Afisa wa ustawi alikuja juzi. Binti mdogo, lakini anajua kazi yake, alifungua mpaka kabati la dawa. Alikaa na mtoto uani peke yao. Baadaye alinieleza, kwa sababu ataandika kwenye ripoti na wewe utaisoma: alimuuliza Chiriku angependa kuishi wapi, akajibu bila kufikiri, kwa Bibi. Akamuuliza, na kwa Baba je? Akasema anampenda Baba, lakini hawezi kuhama.

Nilijaribu kutofurahi mbele ya mgeni nikashindwa. Nimefurahi. Nina umri huu, nyumba ina vyumba vitatu, na bila yule mtoto nitakuwa naongea na friji. Hakimu atasikiliza neno la mtoto, na wewe unajua hivyo.

Njoo umwone kila unapotaka. Mlango uko wazi. Ila acha kesi.

Mama mkwe wako


11 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimepewa ripoti, nimeisoma. Kwa siku kadhaa sikuweza kushika mashine ya kunyolea, yule kijana ndiye aliyeendesha duka.

Dada yangu ananiambia niache. Mteja wangu mmoja ambaye ni wakili aliniambia bure kitini kwamba kwa ripoti hiyo kesi imekwisha. Nimepiga moyo konde. Nitasimama mbele ya hakimu hata kama ni kusimama tu nishindwe, ili siku mwanangu akiwa mkubwa asije akaniuliza kwa nini sikumtaka. Akikuta jina langu kwenye jalada la mahakama atajua nilimtaka.

Nakuomba kitu kimoja, na siombi kama mtu wa kesi. Umesema alijibu kwamba hawezi kuhama. Mtu asiyetaka husema sitaki. Yeye amesema hawezi. Muulize, Mama, kwa nini hawezi. Wewe atakwambia.

Mkweo,
Baba Chiriku


20 Aprili

Baba Chiriku,

Keti kwanza, na kama kuna mteja kitini, mmalize.

Sikumuuliza. Nilikuwa naogopa kuharibu kitu kilichokuwa kinanifaa. Lakini jana fundi alikuja kupaka rangi mlango na geti, maana nilitaka hakimu akipelekewa picha aone nyumba inayotunzwa. Ile kijani imebabuka, nikachagua bluu. Chiriku alitoka shule akamkuta fundi na brashi mkononi. Alimshika mkono kwa nguvu mpaka rangi ikamwagika, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Akaniambia, "Bibi, asipake. Mama akija hataijua nyumba."

Nilimrudisha fundi. Nikakaa na mtoto chini pale pale sakafuni na mguu wangu huu. Akanieleza vizuri kabisa, kama mtu anayemweleza mjinga. Siku mama yake alipomleta alimwambia, nisubiri hapa kwa Bibi, nitakuja kukuchukua. Basi anasubiri. Anakupenda, na kile chumba chako anakipenda, alinisimulia mpaka rangi yake. Lakini akihamia kwako, Mama atakuja hapa amkose. Ndiyo maana alitaka kurudi mapema. Ndiyo maana alizunguka vyumba vyote. Alikuwa anaangalia kama mama yake amefika wakati yeye hayupo.

Hajui, Baba Chiriku. Miaka miwili yote mtoto hajui.

Siku ya mazishi tulikubaliana abaki kwa jirani. Ulipotoka makaburini alikuwa amesharudishwa nyumbani, ukaingia chumbani alipolala, ukafunga mlango. Mimi nimekaa wodini maisha yangu yote. Kule habari ya kifo hutolewa na daktari. Muuguzi ataleta kiti, ataleta maji, atashika mkono, lakini kusema hasemi, na mimi nimewahi kumfukuza wodini msichana aliyesema kabla ya daktari. Nilipokuona umefunga mlango, nikajua mwenye kusema ameingia. Nikaleta maji, nikayaweka nje ya mlango. Tangu hapo mtoto hakulitaja, nikamsifu moyoni kwamba ana nguvu.

Nakwambia na hili lingine, ujue unashindana na nani. Nimekaa na jambo hili tangu jana nikijiambia ninyamaze mpaka hakimu atoe uamuzi. Hakuna mtu angejua. Ningeshinda. Nimeshindwa kulimeza. Mtoto wa binti yangu hawezi kuwa mlinzi wa mlango kwa sababu mimi naogopa upweke.

Kesi sijaacha. Lakini njoo. Hili ni lako kusema, na mimi nitakuwepo.

Mama mkwe wako


22 Aprili

Shikamoo Mama,

Nakuja Jumamosi. Duka nitalifunga, na hata ningekuwa na wateja wa foleni ningelifunga.

Niliingia chumbani siku ile, ni kweli. Nikampakata. Mama, kwetu mteja akikaa kitini na uso wa msiba, kinyozi haulizi. Unamfunga kitambaa, unaanza kazi, unangoja. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na ukimwahi unamuumiza. Nilimpakata mwanangu nikangoja aulize. Hakuuliza, akanipapasa kichwa tu. Nikajua wewe umeshamwambia, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Na kila nilipokuja baadaye nilingoja aanze. Kumbe na yeye alikuwa anangoja, ila aliyekuwa anamngoja si mimi.

Sikulaumu. Nilikuandikia kwamba umemtia maneno, na kosa letu ni kwamba hakuna aliyempa neno hata moja. Nisamehe kwa barua ile.

Nitasema mimi. Nitalitumia neno lenyewe. Nimejaribu kulisema hapa dukani mbele ya kioo, halitoki, lakini Jumamosi litatoka. Nawe kaa karibu yangu, maana huwa naogopa mbele yako na safari hii nitaogopa zaidi usipokuwepo.

Na mimi kesi sijaacha.

Mkweo,
Baba Chiriku


1 Mei

Baba Chiriku,

Ulisema vizuri. Nimewasikia madaktari wengi wakitoa habari kama ile, wengine na digrii zao, wakasema amepumzika, ametutangulia, mpaka ndugu wanauliza amepumzika chumba namba ngapi. Wewe ulisema amekufa. Ukasema hatarudi, na kwamba alikuwa anataka kurudi. Ukalia mbele yake bila kugeuza uso. Sikujua kama unaweza.

Ulipoondoka alilala mchana kutwa. Alipoamka alinikuta napanga nguo. Alisimama pale mlangoni akaniuliza, "Kwa hiyo Bibi, sisubiri tena?"

Nikamwambia usisubiri tena, mjukuu wangu. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaniomba chai. Mimi ndiye niliyeingia bafuni nikafungulia bomba nilie bila kusikika.

Afisa wa ustawi nimemwita na nimemwambia yote. Atamuuliza mtoto upya. Sijui atajibu nini, na safari hii sitamuuliza kabla. Tutaonana mahakamani. Vaa shati lenye kola.

Mama mkwe wako


17 Mei

Shikamoo Mama,

Nilitaka kukushika mkono pale nje, lakini uliondoka haraka na mguu ule ule unaosema haupoi.

Hakimu alipokuuliza kama una pingamizi, ukasema unazo nyingi, nilijua nimekwisha. Ukazisoma zote. Kelele za redio. Masikio. Dada yangu na funguo zake, ambaye alikuwa amekaa nyuma yangu na hajapona bado. Kisha ukaweka karatasi chini ukasema, "Mheshimiwa, mtoto alisema anataka kukaa kwangu kwa sababu alikuwa anamngoja mtu aliyekufa. Sasa anajua. Nakuomba usitumie lile neno lake la kwanza, ingawa lilikuwa linanipendelea mimi." Sijawahi kumwona hakimu akivua miwani.

Na lile jibu lake la pili, alilosoma afisa: kwamba anataka kukaa kwa Baba, na likizo zote kwa Bibi, na Bibi asihame kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa anakuja. Sina la kuongeza. Nimerejeshewa ulezi na sijisikii kushinda kama nilivyotazamia. Nina furaha, nakiri, nina furaha mpaka nasahau kula. Lakini nilipokuona unateremka zile ngazi peke yako nilitaka kurudi ndani nimwambie hakimu atupe wote watatu nyumba moja.

Asante kwa kunipa mwanangu.

Mkweo,
Baba Chiriku


26 Mei

Baba Chiriku,

Marahaba.

Kwanza, usinishukuru. Sikukupa. Umeshinda kesi na mimi nimeshindwa, tuliachie hapo. Ungeacha nilipokwambia uache, mtoto angekuwa bado anazunguka vyumba. Ukaidi wako ndio uliomfungua, na hilo nalisema mara moja tu, usiniombe nilirudie.

Pili, rufaa sikati. Jirani amenishauri nikate, nimemwambia aendelee kumwagilia maua.

Nyumba iko kimya. Nisingependa kukudanganya kwamba nimezoea. Asubuhi bado namwita mtu aamke, kisha nakumbuka. Naumia, mwanangu, na sitaki mtu aniletee paka wala aniambie nijiunge na kikundi. Likizo itafika, na mpaka hapo nitaumia kwa akili timamu.

Tatu, ndilo hasa nililokalia kiti kuandika. Mimi nimekula chumvi nyingi. Kuna siku utapigiwa simu na mtu wa huku, naye atakuwa na sauti ya kuzungukazunguka. Siku hiyo usimwache Chiriku kwa jirani. Usimwambie Bibi kasafiri, au amelazwa, au mambo ya watu wazima. Mwite, mweke karibu, umwambie Bibi amekufa, siku hiyo hiyo, kabla hajavua sare za shule. Halafu mlete anione nikizikwa.

Nataka akija hapa na kukuta mlango umefungwa, awe anajua kwa nini.

Bibi yake Chiriku